Nani Kashinda? Inategemea Uliangalia na Nani

Hebu fanya jaribio dogo wikiendi hii. Kaeni sebuleni wewe na mwenza wako, fungueni YouTube, mtafute mdahalo wowote wa wagombea urais, uwe wa Kenya, wa Uganda au wa Marekani. Tazameni nusu saa bila mtu kusema neno. Halafu kila mmoja achukue karatasi yake, aandike jina la aliyeshinda, akunje. Mkifungua mkakuta majina yanafanana, hongereni, endeleeni na chakula. Yakitofautiana, chakula kitapoa.

Kwa wiki kadhaa nimekuwa nikiuliza swali hilo moja mitaani: ule mdahalo mliouona, nani alishinda? Nilianzia Sinza na Mwananyamala, nikashuka Magomeni, nikavuka hadi Tandika na Mbagala Rangi Tatu. Huu sio utafiti wa chuo, wadau. Ni stori za saluni, za kijiwe cha kahawa na za kwenye foleni pale Tazara. Kilichonishangaza ni kwamba karibu hakuna aliyenijibu kwa hoja. Niliambiwa kuhusu uso wa mtu, nani alipandisha hasira, nani alimkatisha mwenzake, nani alikuwa anameza mate kila akiulizwa. Jambo la pili ndilo lililonifanya niamue kuandika: mtu akiwa na mwenza wake, kabla hajanijibu alimtazama kwanza mwenzake usoni.

Miaka 20 ya ndoa, mbele ya kamera

Tuanze na ndoa maarufu. Oktoba 3, 2012, Barack na Michelle Obama walikuwa wanatimiza miaka 20 ya ndoa yao. Usiku huohuo Obama alitakiwa asimame Denver, Colorado, kwenye mdahalo wa kwanza na Mitt Romney. Alifungua kwa kumtakia mkewe heri mbele ya mamilioni ya watazamaji, akamuahidi kwamba mwaka unaofuata hawatasherehekea kwa namna ile. Kimahaba alipata pointi zote. Baada ya hapo mambo yakaenda kombo. Romney alikuja amejipanga, anaongea huku anamtazama mwenzake machoni. Obama anaangalia chini, anaandikaandika, anaitikia kwa kichwa. Gallup walipowauliza waliotazama, asilimia 72 walisema Romney kashinda, 20 tu wakasema Obama. Hadi wakati ule Gallup walikuwa hawajawahi kupima pengo kubwa kiasi hicho kwenye mdahalo wa urais.

Huku kwetu ilikuwa saa kumi alfajiri ya Oktoba 4, na waliokesha walikesha kwa ajili ya Obama. Hapa Bongo alikuwa kama mtoto wa shangazi aliyefanikiwa ughaibuni. Si ndiye alipokuja Julai 2013 tukampa barabara ya kando ya bahari inayopita Ikulu? Sasa umuulize shabiki wake wa Kinondoni nani alishinda Denver. Jamaa mmoja wa Mwananyamala, fundi wa mafriji, mpaka leo anashikilia kwamba Obama alikuwa anamwacha Romney amalize maneno yake, kama mtu mwenye busara anavyomwacha mlevi aongee. Mkewe haamini hata kidogo. Kwake yeye ule ulikuwa uso wa mwanaume aliyekumbuka katikati ya mkutano kwamba hajanunua zawadi. Wana watoto watatu na hawajawahi kukubaliana kuhusu usiku ule.

Mimi nipo na mke. Kuna namna mtu anavyokuwepo kwenye mabishano huku ameshaondoka, yaani mwili upo ila yeye hayupo, na yeyote aliyewahi kuishi na mtu anaitambua hata kama maneno yote ni ya Kiingereza.

Miaka 12 kabla ya hapo, tena tarehe ileile ya Oktoba 3, mwaka 2000, Al Gore alifanya kioja kingine kule Boston. Kila George W. Bush akiongea, Gore anashusha pumzi kwa sauti, kama mtu aliyechoka kuelezwa jambo lilelile kuhusu ada ya watoto. Kura za maoni za usiku ule zilionyesha Gore yuko mbele kidogo. Kisha televisheni zikaanza kurudia zile pumzi, wachekeshaji wakazidaka, na ndani ya siku chache hakuna aliyekuwa anakumbuka Gore alisema nini. Ushindi uliyeyuka bila mdahalo kurudiwa. Ulimalizwa na maongezi ya siku zilizofuata, makazini na majumbani, na wapambe wa pande zote mbili wakisukuma. Unaona eeh? Swali la nani kashinda halijibiwi taa za ukumbini zikizimwa. Ndiyo kwanza linaanza.

Mkalimani wa Tandika

Ya Marekani tunayaangalia kama sinema. Mdahalo uliotugusa zaidi ulikuwa wa majirani. Februari 11, 2013, kwenye shule ya Brookhouse, Nairobi, wagombea urais wanane wa Kenya walisimama mstari mmoja mbele ya Linus Kaikai na Julie Gichuru: Uhuru Kenyatta, Raila Odinga, Musalia Mudavadi, Martha Karua, Peter Kenneth, James ole Kiyiapi, Paul Muite na Mohamed Abduba Dida. Kenya haikuwahi kuona kitu kama kile, na sisi huku tukakiona kupitia dirishani kwao.

Dar es Salaam ilikuwa imezimiwa matangazo ya analojia Desemba 31, 2012, kwa hiyo kila nyumba ilikuwa bado inalalamikia king'amuzi. Ukisikia kuna mtu anashika chaneli ya Kenya, mtaa mzima unahamia kwake. Sisi tuliokuwa chuoni tulijazana kwenye laptop moja, intaneti ikikatika kila Martha Karua akifungua mdomo. Tulikuwa tunasomea mawasiliano, kwa hiyo tulijiona majaji halali kabisa. Tulibishana mpaka usiku wa manane na hatukumpata mshindi.

Kipande kilichobaki vichwani mwa watu ni kile cha The Hague. Uhuru alikuwa na kesi katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Raila akasema kwamba kuendesha serikali kwa Skype kutoka The Hague itakuwa kazi ngumu. Uhuru hakuwaka. Alijibu kwamba lile ni suala lake binafsi, atalishughulikia huku anaongoza nchi. Dida naye, mwalimu ambaye hata Wakenya wengi walikuwa hawamjui wiki moja kabla, akaja na lugha nyepesi kama ya baba anayewasema wanawe, na kesho yake yeye ndiye aliyekuwa habari ya mjini kwenye mitandao.

Sasa mdahalo wote ule ulikuwa kwa Kiingereza, na hapo ndipo ninapomleta dada mmoja wa Tandika, mfanyabiashara wa vitenge. Usiku ule aliangalia nyumbani kwa wakwe zake, Temeke, sebule imejaa mpaka mlangoni. Mkalimani wa sebule alikuwa mume wake, maana ndiye pekee anayekimudu Kiingereza pale ndani. Tatizo ni kwamba mkalimani alikuwa na upande. Raila akiongea dakika mbili, tafsiri inatoka na maneno manne. Uhuru akisema sentensi moja, tafsiri inakuwa hotuba. Dada wa watu hakukisoma sana Kiingereza, ila hesabu anaijua, na akaona hesabu haikai.

Akaacha kusikiliza, akaanza kutazama. Aliyemuona ni mwanamke mmoja katikati ya wanaume saba, anayejibu bila sauti kutetemeka na asiyetabasamu kwa kuomba radhi. Kwake Martha Karua alishinda, na alishinda mapema. Mdahalo ulipoisha baba mkwe akauliza sebule nzima nani kashinda. Mume akajibu kwamba wao wanasema Uhuru. Wao, yaani yeye na mkewe. Mama mkwe alikuwepo, mashemeji walikuwepo, dada akanyamaza. Alinisimulia hayo miaka mingi baadaye huku anakunja vitenge, na bado lile neno wao lilikuwa linamuuma kuliko siasa yenyewe.

Kuna hadithi maarufu ya mdahalo wa John F. Kennedy na Richard Nixon, Septemba 26, 1960, kwamba waliosikiliza kwenye redio walidhani Nixon kashinda na walioangalia televisheni wakampa Kennedy. Wataalamu wameitilia shaka, kwa sababu ushahidi wake ni kura moja ya maoni iliyohoji wasikilizaji wachache wa redio. Lakini kule Temeke niliona toleo lake la nyumbani: mwenye masikio alikuwa mume, mwenye macho alikuwa mke, na aliyetangaza matokeo ni mwenye masikio.

Uchaguzi ulifanyika Machi 4, 2013. Uhuru akatangazwa mshindi kwa asilimia 50.07. Dida aliyekuwa habari ya mjini alipata chini ya nusu asilimia, na Karua wa Tandika vilevile.

Mipasho ina sheria zake

Kwa nini watu wetu hawahesabu hoja? Nilipoanza kuuliza nilidhani ni uvivu wa kufikiri. Baada ya kuwasikiliza nimeona kwamba wanazo sheria, ila sio zile za darasani.

Mji huu umelelewa na taarabu. Mwanamke aliyekulia Magomeni au Temeke anajua tangu utotoni kwamba kwenye mipasho anayejibu kwa hasira ameshapigwa. Ukirushiwa dongo unacheka, unajipepea na khanga, unarudisha lenye ncha zaidi huku sauti yako haijapanda. Kwa sheria hiyo, Skype ya Raila lilikuwa dongo la daraja la kwanza. Lakini kwa sheria hiyohiyo, Uhuru aliyelipokea bila kukunja uso naye alipata alama, na ndiyo maana ubishi wa usiku ule haukuisha. Watani wa Simba na Yanga wana sheria nyingine, ngumu zaidi: mshindi wako unaye kabla mpira haujaanza, na refa akikupendelea ni refa mzuri.

Kwenye saluni moja ya Kijitonyama nilikuta kipimo cha tatu. Pale wanamwangalia mgombea na kujiuliza: huyu akirudi nyumbani anaongea hivi na mke wake? Walikuwa wameutazama marudio yake mdahalo wa Kamala Harris na Donald Trump wa Septemba 10, 2024 kule Philadelphia, kwani wenyewe ulirushwa saa kumi alfajiri kwa saa zetu, muda ambao mtu wa Mbagala ndio anapiga mswaki awahi gari. Kilichowakosha sio sera. Ni pale mwanzoni Harris alipotembea mpaka upande wa Trump, akampa mkono na kujitambulisha. Msusi mmoja alinieleza kwa kirefu kwamba ile ndiyo namna ya kuingia kwa wifi asiyekupenda: unamfuata wewe, unasalimia wewe, umeshamaliza kazi.

Na watazamaji wa Marekani walikubaliana nao. Kura ya maoni ya CNN ilionyesha asilimia 63 ya waliotazama wakisema Harris kashinda. Novemba 5 Trump akachukua urais. Miezi michache kabla, Juni 27, asilimia 67 walikuwa wamesema Trump kamshinda Joe Biden, na mdahalo ule ukamtoa Biden kabisa kwenye kinyang'anyiro, Julai 21. Mdahalo mmoja ulimwondoa mtu, mwingine haukumfikisha mtu popote. Ukitaka kanuni hapo, utaitafuta sana.

Mwaka 1995, tulipokuwa na wa kwetu

Msomaji mdogo anaweza kudhani midahalo ni kitu cha majirani tu. Hapana. Mwaka 1995, kwenye uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi tangu vyama virudishwe, wagombea wote wanne wa urais walikaa pamoja mbele ya kamera hapahapa Dar es Salaam: Benjamin Mkapa wa CCM, Augustine Mrema wa NCCR-Mageuzi, Profesa Ibrahim Lipumba wa CUF na John Cheyo wa UDP, yule mnayemjua kama Bwana Mapesa.

Kumbuka kwamba televisheni Bara ilikuwa na umri wa mwaka mmoja hivi. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 70, sisi tukaipata mwaka 1994 vituo binafsi vilipoanza. Wazee wa kijiwe kimoja cha kahawa Temeke, jirani na viwanja vya Mwembeyanga, waliniambia seti ilikuwa moja kwa nyumba nyingi, na usiku ule mwenye seti alikuwa mtu wa heshima kuliko mjumbe wa nyumba kumi.

Ukitaka kuona mdahalo unavyofanya kazi kichwani mwa mtu, waulize wazee hao. Mrema alikuwa moto wa kuotea mbali. Alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, akawa Naibu Waziri Mkuu, akahama CCM, na mwaka ule watu walikuwa wanazima gari lake na kulisukuma kwa mikono barabarani kwa mapenzi tu. Mkapa ndiye aliyekuwa hafahamiki sana mitaani, mwandishi wa habari wa zamani na mwanadiplomasia, mtu wa vitabu. Kwa kumbukumbu za kijiwe kile, kwenye uwanja wa wazi Mrema hakuwa na mpinzani, ila alipowekwa kwenye kiti chini ya taa, pembeni ya profesa wa uchumi na mhariri wa zamani, akapwaya. Mzee mmoja aliyekuwa Mrema damu aliniambia kwamba aliondoka kwenye ile nyumba kabla haijaisha, akisingizia tumbo. Hakutaka kuulizwa nani kashinda.

Mwenzake pembeni akakataa palepale. Yeye anasema Mrema aliongea lugha ya wananchi na wale wengine walikuwa wanatoa mhadhara. Zaidi ya miaka 30 imepita, Mkapa alifariki mwaka 2020, Mrema akamfuata mwaka 2022, na kahawa zikaanza kumwagika kwa ubishi mbele yangu kama vile mdahalo ulikuwa jana.

Matokeo yalikuwa Mkapa asilimia 61.8, Mrema 27.8, Lipumba 6.4 na Cheyo 4.0. Ukiangalia namba hizo, Lipumba, ambaye wazee wote pale kijiweni walimsifia kwa kujenga hoja, alipata chini ya robo ya kura za Mrema aliyepwaya. Na watu wa Dar tulikuwa na letu la ziada. Oktoba 29 vifaa vya kupigia kura vilichelewa au havikufika kabisa kwenye vituo vingi, uchaguzi ukafutwa katika majimbo yote saba ya mkoa, ukarudiwa Novemba 19. Kati ya wale waliojaza sebule kuangalia mdahalo, wapo waliopanga foleni mara mbili, na wapo waliosema liwalo na liwe, hawarudi tena.

Viti vitupu

Baada ya hapo wakubwa hawajakaa tena kwenye meza moja. Mwaka 2010 CCM ilisema mgombea wake hatashiriki midahalo. Oktoba 2015 uliandaliwa mdahalo Dar es Salaam, lakini John Magufuli na Edward Lowassa, wawili ambao nchi nzima ilitaka kuwaona ana kwa ana, hawakutokea. Waliokuja ni wa vyama vidogo, akiwemo Anna Mghwira wa ACT-Wazalendo, mwanamke pekee aliyekuwa anagombea urais mwaka ule. Nina marafiki ambao mpaka leo wakisikia jina lake wanakumbuka usiku ule kuliko kitu kingine chochote alichofanya, hata ukuu wa mkoa wa Kilimanjaro alioupata mwaka 2017. Kura alipata chini ya asilimia moja. Mwaka 2025 CHADEMA haikuwemo hata kwenye karatasi ya kura, kwa hiyo swali la mdahalo halikupata pa kukaa.

Nao majirani wameshaijua njia hiyo. Mwaka 2017 Uhuru hakwenda kwenye mdahalo wa Julai, Raila akajibu maswali peke yake. Uhuru akatangazwa mshindi, ingawa Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi ule Septemba 1 na ukarudiwa. Mwaka 2022 wakabadilishana: Raila ndiye hakwenda, William Ruto akasimama peke yake dakika 90, na Ruto akashinda kwa asilimia 50.49. Uganda, Januari 2016, Yoweri Museveni aliukacha mdahalo wa kwanza kwa maelezo kwamba midahalo ni ya wanafunzi wa sekondari. Februari 13 akabadili mawazo, akaja kwenye wa pili, siku tano kabla ya kura.

Niliwauliza wanawake wa Mbagala Rangi Tatu, kikundi cha vikoba, wanamwonaje mgombea asiyetokea. Hapo sikuhitaji kufafanua. Kila mmoja anamjua mwanaume ambaye mke akisema leo tuongee, anachukua funguo anakwenda baa. Anarudi saa saba, amelewa au anajifanya amelewa, na kesho maisha yanaendelea kwa masharti yake. Mmoja alisema bila kupepesa macho kwamba mume wa namna hiyo huwa anashinda kila ugomvi. Wengine wakacheka, ila sio sana. Mwenyekiti wao akaongezea kwamba mume wake aliacha mchezo huo siku familia ilipokuja kufanya kikao akiwa yupo, mlango umefungwa na mshenga amekaa kwenye kochi.

Mwanasiasa hana mshenga wa kumfungia mlango. Na hapo, kwa maoni yangu, ndipo tunapopata hasara kubwa kuliko mtu kushinda au kushindwa. Sisi tulio kwenye thelathini tumekua bila kumwona mgombea wetu mkubwa akiulizwa swali gumu na mpinzani wake aliyekaa mita mbili kutoka kwake. Tunawaona Biafra na Mwembeyanga, juu ya jukwaa, muziki mkubwa, hakuna wa kuwakatisha. Ndiyo maana ubishi wetu wa nani kashinda tumeuazima Nairobi na Philadelphia, na tunabishana kwa joto kama vile ni wetu.

Majibu mawili ya mtu mmoja

Turudi kwenye lile la kutazamana. Nilipoligundua nilibadilisha mbinu. Wanandoa niliweza kuwauliza wakiwa pamoja, halafu nikamtafuta kila mmoja peke yake siku nyingine. Fundi wa mafriji na mkewe walinipa majibu yaleyale, wana bahati, wao wamezoea kupingana hadharani. Wengine kadhaa walibadilika, na usidhani ni wanawake tu. Kaka mmoja wa Sinza, mhasibu, mbele ya mchumba wake alimpa Harris ushindi bila kusita. Tulipokutana tena kwenye kituo cha daladala akanong'ona kwamba kwake alishinda Trump, ila mchumba ana msimamo mkali na mahari bado hajamaliza.

Tulicheka, lakini hilo sio la kuchekea tu. Kura ni siri kisheria, na siri hiyo ipo hata kitandani. Hakuna mume mwenye haki ya kujua mkewe alipiga wapi, wala mke. Huo ni mpaka mzuri na naomba ubaki. Kusema nani aliongea vizuri kwenye televisheni sio kura. Ni maoni, kama kusema pilau imezidi chumvi. Nyumba ambayo mtu hawezi kutoa maoni hayo mbele ya mama mkwe, au mbele ya mchumba, ina ukimya ambao sidhani kama uliletwa na Uhuru na Raila.

Dada wa Tandika nilimrudia mara ya mwisho mwezi uliopita. Nilitaka kujua jambo moja: kama siku moja wagombea wetu wakubwa watakaa pamoja na kuongea Kiswahili kitupu, bila mkalimani, angetaka waulizwe nini. Hakufikiria muda mrefu. Alitaja mtaji wa mama wadogo, alitaja maji, kisha akasema angependa kila mmoja aulizwe jambo moja zuri la mpinzani wake, na asiangalie karatasi. Mume wake alikuwa amekaa mlangoni mwa duka, anatengeneza redio. Akauliza bila kugeuka nani angeshinda hapo. Mkewe akamwambia asubiri mdahalo, safari hii kila mtu atajisikilizia mwenyewe.